Kikazio cha Matita ya Mahindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu chombo kidogo cha mkono ambacho wakulima wa mahindi wa Marekani walikitumia kubana matita ya mabua kabla ya kuyafunga. Wanaouliza ni wa namna mbili: waliokiona kwenye picha au kwenye mnada wa vitu vya kale wakashindwa kukitambua, na wakulima wa huku kwetu wanaokata mahindi na kuyasimamisha shambani, wanaotaka kujua kama kitawafaa. Tumewajibu wote pamoja.

Hiki ni chombo gani hasa?

Ni chombo cha kubana tita la mabua yaliyokatwa, mahindi yakiwa bado hayajakonyolewa. Kile cha kawaida kina kamba nene ya mita tatu na ushee, pamoja na kipande cha chuma cha kusubu kinachoenea kiganjani, chenye kapi na kibano. Unaizungusha kamba kwenye tita, unavuta, kibano kinaishika. Kisha unafunga tita kwa kamba nyingine nyembamba, unakifungua kikazio na kwenda nacho kwenye tita linalofuata. Kimoja kinatosha shamba zima.

Kwa hiyo chenyewe hakifungi?

Hakifungi. Fundo unapiga wewe mwenyewe. Wengi hutegemea kukuta mtambo wa kupiga fundo, wakikishika wanaona kipande cha chuma na kamba, basi.

Kuna haja gani ya kubana? Si mtu afunge tu?

Hapa ndipo penye jambo lenyewe, kwa hiyo tutakawia kidogo.

Bua linapokatwa bado lina maji mengi. Likikaa juani na kwenye upepo kwa wiki mbili tatu linanywea, na majani yake yanajikunja. Tita lenye mabua mia tatu likinywea, kamba uliyoifunga siku ya kwanza inabaki inaning'inia. Mabua ya nje yanaanza kuteleza, tita linaegemea upande mmoja, upepo mmoja tu unalilaza. Likishalala, mahindi yanagusa udongo, mvua ikinyesha yanaoza au kuota yakiwa bado ndani ya maganda yake.

Tita lililobanwa sawasawa hufanya kiuno. Juu ya kamba mabua yanatawanyika kidogo, chini yanapanuka na kusimama kwa miguu mingi. Maji ya mvua yanateremka kwa nje kufuata majani, na hewa inapita chini. Tita la namna hiyo likinywea bado kamba ina kitu cha kushika, kwa sababu nafasi tupu kati ya bua na bua ilikwisha kuondolewa siku ya kwanza.

Sasa jaribu kulibana kwa mikono. Tita lenye kipenyo cha sentimita 60 kiunoni lina mzunguko unaokaribia mita 1.9. Ukilikumbatia kwa nguvu zako zote, mikono haikubakii ya kufunga. Ndiyo maana zamani kazi ilitaka watu wawili: mmoja akumbatie, mwingine afunge. Kikazio kilimwondoa yule wa kwanza. Mwenye shamba aliyekuwa peke yake, au na kijana wake mmoja, aliweza kukata na kufunga bila kumngoja mtu.

Kinafanyaje kazi?

Kuna aina tatu ambazo utazikuta mara nyingi, na zote zinafuata wazo moja: vuta, shikilia, funga, achia.

Ya kwanza na rahisi kuliko zote ni kamba yenye pete ya chuma au kulabu upande mmoja. Kamba inazunguka tita, ncha inapita kwenye pete, kisha unageuza mwelekeo na kuvuta kuelekea ulikotoka, ukiegemea nyuma kwa uzito wa mwili wote. Ni kama kukaza mkanda wa tandiko la punda. Kasoro yake ni kwamba ukiiachia inalegea, hivyo lazima uizungushe kwenye kulabu au uibane kwa goti wakati unafunga. Kwa mtu mzoefu si taabu.

Ya pili ndiyo iliyowapa wabunifu wa Marekani kazi ya kuombea hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, hasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Pete imebadilishwa kuwa kapi, kamba ikateleza bila kusuguana sana na chuma. Pembeni ya kapi kuna kibano chenye meno kilichotundikwa kwenye msumari usiopita katikati yake. Kamba ikivutwa mbele, kibano kinainuka na kuiachia ipite. Ikitaka kurudi nyuma, inakikokota kibano nayo, na kadiri inavyovuta ndivyo kinavyoikandamiza. Mikono yako yote miwili inabaki huru. Ukimaliza kufunga unasukuma kibano kwa kidole gumba, kamba inafyatuka. Wabunifu walishindana kwenye umbo la kibano, pa kuweka kulabu na namna ya kuachia, ndiyo maana huwezi kukuta viwili vya viwanda tofauti vinavyofanana kabisa.

Ya tatu ni ya mti wenye ncha. Mti huo unachomwa katikati ya tita, kimo cha kifua, na nje unabaki mkono wa kuzungushia kama wa kisima. Kamba imefungwa kwenye mti, inazungushwa kwenye tita na kutiwa kulabu, kisha unazungusha mkono mpaka tita libanike. Ina nguvu kuliko zote. Lakini ni nzito, na kuuchoma mti katikati ya mabua mia tatu mabichi kunachosha, tena unaweza kuyapasua mahindi yaliyomo. Ningechagua ile ya pili bila kufikiri mara mbili.

Kilitumika wapi na nyakati gani?

Katika ukanda wa mahindi wa Marekani na majimbo yanayoupakana: Ohio, Indiana, Illinois, Kentucky, Pennsylvania. Enzi yake ni kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 hadi miaka ya 1930 na 1940. Mavuno ya matita yalikuwa Septemba na Oktoba, kabla baridi kali haijayakausha majani hadi kuyapukutisha.

Si kila mahali palipolimwa mahindi palihitaji chombo hiki. Huko Iowa na magharibi zaidi, mashamba yalikuwa makubwa na mifugo ilikuwa na malisho mengine, kwa hiyo wengi waliyaacha mahindi yakauke yakiwa yamesimama, kisha wakayakonyoa moja moja na kuyatupa ndani ya gari la farasi lililokuwa likienda nao sambamba. Kukata na kusimamisha kulikuwa desturi ya mahali ambapo mabua yenyewe yalikuwa mali, yaani kwa mkulima mwenye ng'ombe wa kulisha majira yote ya theluji.

Tita lenyewe lilijengwaje?

Lilianza na mabua ambayo hayakukatwa kabisa. Mahindi yalipandwa kwa mashimo yaliyopangwa mraba, mita moja na ushee kidogo kutoka shimo hadi shimo, kila shimo likiwa na mimea miwili au mitatu. Mkataji alichagua mashimo manne ya katikati, akayapinda mabua yake yakutane juu na kuyasokota pamoja. Hicho kilikuwa kiunzi kilichojishikilia kwa mizizi yake yenyewe. Kisha alizunguka akikata kwa kisu kirefu kinachofanana na panga jepesi, akibeba mabua kwenye mkono wa kushoto, na kuyasimamisha pande zote nne za kiunzi kwa zamu ili lisielemee upande. Wengine walitumia farasi wa mti badala ya mabua yaliyopindwa: boriti ndefu yenye miguu miwili upande mmoja na ufito uliopita katikati. Tita likishafungwa, ufito ulichomolewa na farasi akaburutwa hadi kituo kinachofuata.

Ukubwa ulihesabiwa kwa mashimo. Tita la kawaida lilikuwa la 12 kwa 12, yaani mashimo 144, ingawa yalikuwepo ya 10 kwa 10 na ya 14 kwa 14. Hesabu hiyo ilikuwa na maana ya fedha, kwa sababu vibarua walilipwa kwa tita. Bila kipimo cha mashimo, mwenye shamba angetaka matita manene na kibarua angejenga membamba, na mwisho wa siku pangekuwa na kesi. Kwa nafasi hizo, ekari moja ilitoa matita 25 hivi ya 12 kwa 12.

Kufunga kulikuwa kwa mwisho. Kikazio kilivutwa juu kidogo ya usawa wa mahindi, chini ya mbelewele. Ukifunga chini mno, tita linafunguka juu na kunywa mvua. Ukifunga juu mno, miguu haipanuki na tita linasimama kama nguzo, tayari kuanguka.

Walifunga kwa kamba gani?

Mwanzoni walifunga kwa chochote kilichokuwa karibu: majani marefu ya ngano nyekundu yaliyosokotwa, magome ya miti, hata bua lenyewe la hindi likiwa bado bichi. Baadaye viwanda vilianza kusokota kamba nyembamba kwa ajili ya mashine za kufunga miganda ya ngano, na wakulima wa mahindi nao wakaifuata. Kwa matita ilipendwa zaidi iliyotiwa lami au dawa, kwa kuwa panzi na nyenje huitafuna ile ya kawaida.

Hapa kuna jambo linalotugusa moja kwa moja. Nyuzi zake zilikuwa za manila kutoka Ufilipino na za jamii ya mkonge kutoka Yucatán, Mexico. Mashamba ya ngano na mahindi ya Marekani yalikuwa na njaa ya kamba isiyoshibika, na bei ya nyuzi hizo ndiyo iliyowafanya Wajerumani wautafute mmea kwa ajili ya koloni lao la Afrika Mashariki. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Mashamba yote ya mkonge ambayo mtu anayapita leo akisafiri kati ya Korogwe na Tanga yalianzia kwenye mzigo huo. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ya kwanza duniani, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake ilikwenda kuwa kamba za kufungia mazao katika mashamba ya Ulaya na Amerika. Kamba za plastiki ndizo zilizoivunja biashara hiyo.

Kwa maana hiyo, wakati sisi tukiulizana kama kifaa hiki ni cha kigeni, kamba iliyofunga miganda ya ugenini ilikuwa ikitoka Muheza na Ngomeni.

Mashine za kufunga zilipokuja, kikazio kiliachwa?

La. Huenda kilitumika zaidi. Mtambo wa kupiga fundo ulikamilishwa na John Appleby wa Wisconsin mwishoni mwa miaka ya 1870 kwa ajili ya ngano. Mwaka 1892 A. S. Peck wa Geneva, Illinois, akapata hataza ya mashine ya kukata na kufunga mahindi, iliyokokotwa na farasi. Lakini mashine hiyo ilitoa miganda midogo na kuiangusha chini. Mtu bado alilazimika kuiokota, kuisimamisha pamoja iwe tita, na kulifunga tita lote kiunoni. Miganda iliyokwisha kufungwa ni migumu kubanika kuliko mabua matupu, kwa hiyo kikazio kilihitajika palepale.

Basi kiliachwa kwa nini?

Kwa sababu watu waliacha kujenga matita. Ghala la kuvundikia malisho mabichi lilianza kuenea, lile la wima la kwanza nchini humo likihesabiwa kuwa la Fred Hatch, aliyelijenga Illinois mwaka 1873. Bua likishakatwakatwa na kuvundikwa, hakuna cha kusimamisha shambani. Kisha zikaja mbegu chotara zenye mabua imara yasiyolala, na mashine za kukonyoa mahindi yakiwa yamesimama. Farasi nao wakapungua, wakapunguza midomo ya kula mabua.

Waamish, Wakristo wanaojiepusha na mashine nyingi za kisasa, hawakuacha. Huko Lancaster, Pennsylvania, na katika kaunti ya Holmes, Ohio, bado utaona matita yamepangwa mashambani kila vuli, kwa sababu wanalima kwa farasi na wana mifugo ya kulisha. Wamarekani wengine wananunua matita madogo kwa ajili ya kupamba baraza msimu wa Halloween. Hayo hayahitaji kukazwa sana.

Kwa mkulima wa Kenya au Tanzania, kina maana yoyote?

Inategemea mvua yako inakatika lini na kama una ng'ombe.

Trans Nzoia na Uasin Gishu ni mahali ambapo jibu ni ndiyo. Mahindi yanakomaa kuanzia Septemba na kuendelea, na mvua za Oktoba na Novemba mara nyingi zinayakuta shambani. Wakulima wa huko wanakata na kusimamisha matita kwa miaka mingi sasa, jambo lililoanza enzi za mashamba makubwa ya walowezi. Ukipita kati ya Kitale na Eldoret wakati huo utayaona, na utaona pia mengi yaliyolala. Ukitazama yaliyolala, mengi yamefungwa kwa bua au kwa kipande cha kamba kilichovutwa kwa mikono tu, au hayakufungwa kabisa. Hapo kikazio, hata kile cha kamba na pete, kinalipa.

Nyanda za juu kusini mwa Tanzania hali ni tofauti. Mbeya, Rukwa, Ruvuma na Njombe mvua ni ya msimu mmoja, inakatika Aprili au Mei, na mahindi yanakauka yakiwa yamesimama katika kiangazi cha Juni na Julai. Kukata na kusimamisha huko ni kujiongezea kazi, isipokuwa unataka shamba liwe wazi mapema au kuhifadhi mabua. Usinunue wala kutengeneza chombo kwa sababu tu umekipenda.

Kilimanjaro ni habari nyingine. Wafugaji wa ndani walioko juu mlimani wanategemea mabua yanayoletwa kutoka mashamba ya tambarare, mara nyingi kichwani au juu ya gari. Kwao shida ni mzigo: tita lililobanwa vizuri linachukua nafasi ndogo na halimwagiki njiani. Kamba yenye pete inawafaa mwaka mzima, hata kwa majani ya kawaida.

Matita mangapi kwa ekari yetu?

Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ekari ina mimea kama 18,000. Ukiweka mabua 300 kwenye tita unapata matita 60 hivi. Anza na madogo kuliko hayo. Mabua mengi mno katikati ya tita hayapati hewa, na hali yetu ya hewa si ya vuli ya Ohio yenye baridi inayozuia ukungu.

Nikate lini?

Mahindi yakishakomaa. Konyoa hindi moja, menya maganda, ng'oa punje na utazame ncha yake ilikoshikana na gunzi. Ukiona alama nyeusi, limekomaa na halitaongezeka uzito tena. Hapo punje bado ina unyevu wa asilimia 30 hadi 35. Kwa ghalani unatakiwa ushuke hadi 13 na nusu au chini yake, na safari hiyo ndiyo tita linayoianza. Ukikata kabla ya alama nyeusi, punje zitasinyaa.

Ukikata baada ya majani yote kukauka, mabua hayana tena thamani kubwa kwa ng'ombe, na yanakatika ukiyabana.

Je, matita hayaleti sumukuvu?

Tita baya linaleta, na swali hili lisichukuliwe kwa mzaha. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua mashariki mwa Kenya, wengi wakiwa Makueni na Kitui. Yale yalikuwa mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuvu hupenda joto, unyevu na punje iliyojeruhiwa.

Kwa hiyo: mahindi yasiguse udongo, tita lisiwe nene, na lisikae shambani kwa miezi. Wiki tatu hadi nne zinatosha, kisha konyoa na umalizie kukausha juu ya turubai au kwenye kichanja. Ukikuta hindi lina ukungu wa kijani au njano, litenge. Usimpe kuku, wala ng'ombe anayekamuliwa, maana sumu inapita hadi kwenye maziwa. Kama mvua zako ni za kila siku na jua halitoki, tita halitakuokoa hata likiwa limekazwa namna gani. Afadhali ukonyoe na kukausha chini ya paa.

Nitengenezeje changu?

Kata kamba ya katani au manila yenye unene wa milimita 12, urefu wa mita 3.5. Upande mmoja funga pete ya chuma yenye upana wa sentimita tano ndani, iliyo laini, isiyo na ukingo wa kukata kamba. Umemaliza aina ya kwanza.

Ukitaka ijishikilie, kuna njia mbili. Ya bei rahisi ni kijiti kigumu cha urefu wa mkono: ukishavuta, kipitishe katikati ya kamba na tita, kisokote mara mbili, halafu ncha yake ibane nyuma ya kamba. Wabeba kuni wanaijua. Ya pili ni kumpelekea fundi wa kuchomelea kapi dogo la chuma na kumwomba akutilie kibano pembeni. Mwambie mambo matatu: tundu la msumari lisiwe katikati ya kibano, meno yaelekee upande kamba inakovutwa ili yaikamate ikitaka kurudi, na yasiwe makali. Meno makali yatakula kamba kabla msimu haujaisha. Fundi yeyote anayetengeneza mageti anaweza.

Kwa kamba ya kufungia iliyo nyembamba, kata vipande vya mita mbili na robo nyumbani, uvifunge pamoja na kuvitundika kiunoni. Kukata shambani kunapoteza muda mwingi kuliko watu wanavyodhani. Piga fundo linalofumuka kwa kuvuta ncha, utaokoa kamba na kuitumia mwakani.

Kwa nini katani, wakati nailoni ni rahisi kupatikana?

Kwa sababu ng'ombe anakula. Kipande cha nailoni kilichosahaulika kwenye mabua kikiingia tumboni hakisagiki, kinajikusanya na vingine, na mnyama anakonda mpaka daktari anapompasua au anapokufa. Katani ikimezwa inaoza. Tena nailoni inateleza, fundo lake linalegea peke yake. Kwa kamba ya kukazia, ambayo unarudi nayo nyumbani, nailoni si mbaya ingawa kibano huishika vibaya.

Tita likilegea baada ya wiki mbili nifanyeje?

Lirudie. Wengine huona aibu wakidhani walifunga vibaya, lakini kulegea kidogo ni kawaida. Zungusha kikazio juu ya kamba ya zamani, vuta, fumua fundo, funga upya. Tita lililoanza kuegemea lisimamishe kwanza.

Kuna hatari ya kuumia?

Ipo. Ukivuta kwa kuegemea nyuma na kamba ikakatika, unaanguka chali, na nyuma yako kuna visiki vya mabua vilivyokatwa kwa mshazari, vyenye ncha kama mkuki. Panga mguu mmoja nyuma, na usivute kwa kamba iliyochakaa. Usipitishe kamba kiganjani mara mbili. Kwa aina ya mti wenye mkono wa kuzungushia, usiuachie mkono kabla kizuizi hakijashika, utarudi kwa kasi na kukuvunja kifundo cha mkono.

Na vaa mikono mirefu. Majani ya mahindi yaliyokauka hukwaruza ngozi vibaya mno.

Panya na mabuu je?

Panya watakuja, na nyoka watawafuata. Usiingize mkono chini ya tita bila kulitikisa kwanza. Kwa mabuu wanaotoboa mabua, jua kwamba wanaweza kulala ndani ya bua kavu hadi mvua ijayo. Mabua ya matita yasibaki shambani yakingoja msimu. Yalishe, yakatekate uyafukie, au yatandaze juani yakauke kabisa.

Nimepata kipande cha chuma cha kale chenye kapi. Nitajuaje kama ni chenyewe?

Tazama vitu vitatu. Kwanza ukubwa: cha kukazia matita ni kidogo na chepesi, mtu alikibeba kutwa nzima. Kapi la kuinulia majani makavu ghalani ni kubwa na zito zaidi. Pili, kibano: chombo cha kuvutia seng'enge za uzio nacho kina kibano, lakini kimetengenezwa kushika waya, meno yake ni membamba na yanabana sana. Cha matita kina mfereji mpana wa kamba nene. Tatu, kulabu au tundu la kufungia mwanzo wa kamba. Vingi vina herufi na tarehe ya hataza zilizosubiwa kwenye chuma chenyewe. Tarehe hiyo ni ya hataza, haimaanishi kipande chako kilitengenezwa mwaka huo.

Kamba ya asili karibu kila mara imekwisha kuoza, kwa hiyo kutokuwepo kwake kusikutie shaka. Ondoa kutu kwa brashi ya waya, kipake mafuta ya kitani kidogo, na usikipige rangi. Chuma cha kusubu hupasuka kikigongwa, kwa hiyo kapi likiwa limeganda liloweke kwenye mafuta ya taa siku kadhaa badala ya kulipiga nyundo.